USIMPIME MTU KWA JICHO

(Hotuba ya mwanachama wetu wa kazi ya reli, aliyoitoa Garsen mbele ya wafanyakazi wa kazi mbalimbali. Salamu za mwanzo zimepunguzwa kusudi hotuba itoshe katika kurasa zetu.)



Najua wapo wanaoulizana, mtu wa reli amefuata nini Garsen? Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mpaka leo hapa kwetu haijafika. Sisi twajua mto na mitumbwi, twajua ng'ombe wakishuka malka kunywa maji, na twajua mabasi ya Malindi na Lamu. Lakini mimi ni mtoto wa mto huu. Nilizaliwa kijiji cha kando ya maji, nikasoma shule ya msingi ya misheni, ndipo nikaenda Mombasa kutafuta mshahara kama wengi wenu. Tena nina deni hapa Garsen, na leo nimekuja kulilipa. Mtalisikia.

KIPIMO CHA NJIA

Kazi yangu ni ya njia. Twatembea juu ya mataruma, twatazama reli, twakaza vilivyolegea, twajaza kokoto. Katika kazi ile jambo la kwanza mtu analofundishwa ni kutoliamini jicho lake. Njia ya zamani ya Mombasa ina upana wa milimita 1,000 kati ya reli na reli. Njia mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina milimita 1,435. Ukisimama mbali waona reli mbili zimenyoka kama uzi. Ukiweka kipimo, waona mahali fulani zimeachana. Tena iko reli inayong'aa juu kama sahani, nayo chini ina ufa; na iko yenye kutu tele, nayo ni nzima. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa hiyo mtu wa njia hawezi kuandika katika ripoti, "Nimeitazama, naona ni nzuri." Ataulizwa: Ulipima?

Lakini sisi tunaopima chuma kwa bidii namna hiyo, tukimwona kibarua mpya amekuja na kikoi chake, ana alama usoni, Kiswahili chake chakwama, mara moja twasema, "Huyu namjua. Watu wa namna hii nawafahamu." Hapo hakuna aliyepima kitu. Chuma twakipa haki ya kupimwa, na mwenzetu twamnyima. Hilo ndilo neno langu la leo, nami nitalieleza kwa kisa ambacho mwenye kosa ni mimi mwenyewe.

MAMBO YALIYOTUKIA KAMBINI

Ilikuwa mwaka 2014, kabla sijaingia kazi ya reli. Nilikuwa karani wa stoo katika kandarasi moja ya ujenzi huku kwetu Tana. Jina la kandarasi silitaji, wala la msimamizi. Sikuja kushitaki mtu.

Mnakumbuka wakati ule ulivyokuwa. Tangu Agosti 2012 hata Januari 2013 Wapokomo na Waorma waliuana katika delta hii. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao: hapana haja ya kuwaeleza ninyi habari za majina hayo. Watu zaidi ya mia walikufa, na wanawake na watoto wamo. Mimi ni Mpokomo. Ilipofika mwaka 2014 silaha zilikuwa zimewekwa chini na watu wanaamkiana sokoni, lakini moyoni kila mtu alikuwa na daftari lake.

Kambini palikuwa na mlinzi wa usiku, kijana wa Kiorma. Ng'ombe wa baba yake walikufa katika ukame wa mwaka 2011, ndipo akaja kutafuta kazi ya mshahara. Alipewa koti la ulinzi, akalivaa juu ya kikoi chake, na fimbo yake hakuiacha. Sisi wengine tulimcheka. Tulimwita "mchungaji wa mapipa," kwa sababu alikuwa akilinda mapipa ya mafuta. Hakuwa msemaji. Kiswahili alikijua kile cha sokoni tu, cha kuuza na kununua.

Siku moja ya Jumatatu tangi lilipimwa, ikaonekana dizeli imepungua lita 80 kuliko ilivyoandikwa kitabuni. Msimamizi alikasirika sana. Akamwita mlinzi, akaniambia na mimi nije na kitabu changu. Akamwuliza yule kijana, "Mafuta yako wapi?" Kijana akatazama chini. Akamwambia, "Nitazame machoni!" Kijana akazidi kuinama, akajibu maneno mawili matatu yasiyosikika vizuri. Msimamizi akanigeukia akasema, "Umeona? Asiye na kosa hutazama watu machoni."

Ndugu zangu, kisa chenyewe ni hapo. Msimamizi alikuwa mgeni, hakujua desturi za huku. Mimi nilizijua. Nilijua ya kuwa kwa Waorma, kama ilivyo kwetu Wapokomo, kijana mwenye adabu hamkodolei macho mkubwa anayemkaripia. Mimi mwenyewe utotoni nilipigwa kofi na mama yangu kwa kumkodolea macho babu. Kijana yule alikuwa akimpa msimamizi heshima, na msimamizi akaihesabu kuwa hatia. Neno langu moja lingalitosha: "Bwana, huku kwetu hiyo ni adabu." Sikulisema. Nilinyamaza, na nilijua kwa nini nanyamaza. Niliangalia kikoi na fimbo, nikaukumbuka moshi wa mwaka 2012, nikajisemea moyoni: Na aende.

Akaenda. Hakupewa barua. Hakuna aliyemweleza shitaka lake kwa lugha anayoielewa, wala hakuwa na mtu wa kusimama upande wake. Mshahara wa siku alizofanya kazi ulikatwa kulipia mafuta. Kabla ya kuondoka alilivua lile koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza yangu.

Mwisho wa mwezi nilifunga hesabu. Nilipofungua kitabu cha kutolea vitu, karatasi ikaanguka kutoka katikati ya kaboni. Ilikuwa na sahihi ya dereva wa greda: Ijumaa jioni, lita 80. Nilimpa mimi mwenyewe, watu wakiharakisha kwenda makwao, nikasema nitaingiza kitabuni baadaye, nikasahau. Hata tone moja la dizeli halikuibwa. Mwenye kosa alikuwa amevaa viatu safi na kalamu mfukoni, na hakuna aliyemwambia atazame watu machoni.

Nilimpelekea msimamizi ile karatasi. Akasema mambo yamekwisha, mlinzi mwingine ameshapatikana. Basi nikavuka mto kuwatafuta jamaa za yule kijana. Nikamkuta ami yake, mtu mzima sana. Nikamwamkia, nikamweleza yote bila kuficha, nikampa fedha zilizokatwa, kutoka katika mshahara wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akazipokea, kisha akasema, "Mwanangu, umefanya vema kuja. Fedha umezirudisha. Na jina lake huko sokoni, utalirudisha kwa nini?" Sikuwa na la kumjibu. Kijana mwenyewe alikuwa ameshaondoka, wakasema amekwenda upande wa Garissa. Hatujaonana mpaka leo.

Kwa hiyo nasema hadharani, katika Garsen hii ambamo habari ya wizi wake ilienea: hakuiba. Jina lake silitii katika karatasi ya chama, kwa maana sikupata nafasi ya kumwomba ruhusa. Lakini waliofanya kazi kambini wanamjua, na wazee wake wamo katika mkutano huu. Mtu akiwauliza habari ile, mjibuni hivi: karani alisahau kuandika.

MKUKI KWA NGURUWE

Wahenga wasema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwaka uliofuata nilikwenda Mombasa kutafuta kazi. Katika ofisi moja, nayo siitaji, karani alichukua kitambulisho changu, akasoma nilikozaliwa, akasema kwa sauti ili foleni yote isikie, "Tana River! Ninyi si ndio mnaochinjana?" Watu wakacheka. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, nimelipiga pasi usiku. Halikunisaidia kitu. Kazi sikupewa, wala sikuulizwa najua kufanya nini. Nikatoka nje, na njiani nikalikumbuka lile koti lililokunjwa.

Ajabu ni hii. Karani yule, siku za sikukuu, bila shaka husimama wima wimbo wa taifa ukipigwa. Sauti ya wimbo ule imetoka kwetu. Ni wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto, nao ndio uliochukuliwa mwaka 1963 wimbo wa taifa la Kenya ulipotengenezwa. Nchi nzima husimama kwa sauti ya mto Tana, na mtu wa mto Tana akija na kitambulisho chake huulizwa habari za mapanga. Sisemi hayo kwa kulisifu kabila langu. Ni vile vile kwa Muorma, kwa Mwardei, kwa Mmunyoyaya, kwa Mgiriama, kwa Mbajuni, na kwa Mluo aliyekuja hapa kufundisha shule. Kila watu wana jambo jema lisiloandikwa usoni.

Shuleni misheni tulifundishwa habari za Samweli, alivyotumwa nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme. Alipomwona mwana wa kwanza, mrefu mwenye umbo zuri, akadhani ndiye. Kumbe aliyetakiwa hakuwapo hata barazani; alikuwa machungani na kondoo. Nilisoma habari ile nikiwa mtoto, nikaijibu vizuri katika mtihani, na nilipokua nikamcheka mchungaji. Na ndugu yangu mmoja Mwislamu wa gengi letu aliniambia ya kuwa kwao nako wamefundishwa vivyo hivyo, kwamba kuwachukia watu si ruhusa ya kuacha uadilifu. Basi hakuna kati yetu awezaye kusema hakuambiwa.

TULIKOTOKA

Yafaa tukumbuke pia, chama cha wafanyakazi hakikuzaliwa kwa ajili ya shilingi peke yake. Babu zetu walipimwa kwa ngozi. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande. Kilitiwa ndani ya kikasha cha bati na watu wakakivaa shingoni. Ndani mliandikwa kabila lake, alama za vidole vyake, na matajiri aliowafanyia kazi. Tajiri asipotia sahihi ya kumwachia, mtu alikuwa kama amefungwa. Mtu hakuulizwa, wewe ni nani? Walisoma bati.

Na mishahara ilikuwa ya rangi. Tume ya Holmes ya miaka ya 1947 na 1948 iliyoangalia mishahara ya serikali ilikubali ya kuwa asiye Mzungu, hata akifanya kazi ile ile, apate sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Mpaka Tume ya Lidbury, ya 1953 na 1954, ndipo mishahara ya rangi ilipokataliwa kwa maandishi.

Wafanyakazi wa Mombasa hawakungoja tume. Tarehe 13 Januari 1947 waligoma, bandarini na relini na majumbani, wapatao 15,000, na mgomo ulikaa siku kumi na mbili. Walikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Walidai mishahara sawa kwa kazi iliyo sawa, na walilalamika pia juu ya dharau. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa shirikisho lao, alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa mbali, Baringo. Mpokomo, Mkikuyu, Mluo, Mmijikenda na Mswahili waligoma pamoja. Wangaliulizana kwanza juu ya kikoi na suruali, mgomo usingalifika jioni ya siku ya kwanza.

Tena hapa hapa katika kaunti yetu iko Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kizuizini walikufa pale, walipolazimishwa kwenda kuchimba mifereji. Neno la kwanza la wakubwa lilikuwa kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulipofanywa ikajulikana wamekufa kwa kupigwa. Mimi nalikumbuka neno lile kila ninapoona mtu ameshahukumiwa kabla ya kuulizwa. Neno la kwanza la mwenye nguvu si hukumu. Ni neno la kwanza tu, nalo lingali linangoja kupimwa.

SHERIA INASEMAJE

Sasa sisi tunayo sheria, na wengi wetu hatuisomi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 27, yakataza mtu kubaguliwa. Katika mambo inayoyataja yamo rangi, kabila, dini, utamaduni, mavazi na lugha. Ndugu zangu, neno "mavazi" limo katika katiba. Na kifungu cha 41 chasema kila mtu ana haki ya kutendewa kwa haki katika kazi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inayo maneno ambayo kila mjumbe wa chama ayaweke kichwani. Kifungu cha 41: kabla ya kumwondoa mtu kwa kosa, au kwa kazi mbaya, tajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama cha kazini wakati akielezwa. Kifungu cha 43: ni juu ya tajiri kuithibitisha ile sababu. Kifungu cha 46: kabila, rangi na dini si sababu za haki za kumfukuza mtu. Kifungu cha 18: hata aliyefukuzwa mara moja kwa kosa la kweli, hulipwa fedha zake mpaka siku ile. Na kifungu cha 47: aliyeonewa aweza kumpelekea afisa wa kazi malalamiko yake katika miezi mitatu. Isipite, msije mkasema hamkuambiwa.

Tazameni sasa. Katika kisa cha yule kijana, vifungu hivyo vyote vilivunjwa katika muda wa robo saa. Nami nilikuwapo, nimeshika kitabu.

VAZI LA KAZI NA VAZI LA MTU

Mwingine atasema, "Basi kila mtu avae apendavyo." Sivyo. Mimi ni mtu wa reli. Kati ya mabehewa mawili yanayounganishwa, nguo inayopepea ni mauti. Penye mashine inayozunguka, kikoi, kanga, shali na nywele ndefu zisizofungwa ni hatari moja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri atoe mavazi ya kinga penye hatari, na yamtaka mfanyakazi ayavae. Mfanyakazi anayetupa kofia ngumu kwa kuwa inamtoa jasho asije chamani kusema amebaguliwa.

Kwa hiyo likitokea sharti la mavazi, tuulize maswali matatu. La kwanza: sharti hili linazuia hatari gani, au linahitajiwa na kazi kwa namna gani? La pili: linawahusu wote, au wamewekewa watu fulani tu? La tatu: haliwezi kutimizwa bila kumvunjia mtu dini yake au desturi ya kwao? Mama anayejisitiri aweza kuifunga hijabu yake ikakaa ndani ya koti. Mwenye nywele za kirasta aweza kuzifunga chini ya kofia. Mlinzi wa lango aliyevaa koti la kazi juu ya kikoi hazuii lango kufungwa. Jikoni, wote wafunike nywele, awe mpishi au mkubwa wa wapishi. Sharti likishinda maswali hayo, tulitii, na chama kiwasaidie watu walitii. Likishindwa, basi si sharti la kazi. Ni dharau iliyovalishwa sare.

Hata hivyo tusijisifu. Sheria ya mavazi bado inasemwa mahakamani. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua ya kuwa Urasta ni dini, na mwanafunzi asifukuzwe shule kwa sababu ya nywele zake. Lakini Januari mwaka ule ule Mahakama ya Juu ilitengua hukumu ya mwaka 2016 iliyowaruhusu wasichana Waislamu wa shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu. Waliona ya kuwa shauri halikufikishwa kortini kwa njia iliyo sawa. Basi kabla ya kupiga kelele, mwende kwa katibu, mpange shauri lenu vizuri. Haki nayo yataka kazi ya mikono.

KAZI YA MJUMBE WA CHAMA

Namaliza kwa mambo matano, hasa kwa ninyi wajumbe.

1. Shitaka lisemwe kwa maneno. "Hatumwamini" si shitaka. "Ana sura ya ujeuri" si shitaka. Kitu gani kimepotea, siku gani, saa ngapi, nani aliona?

2. Mshitakiwa aelewe. Kama Kiswahili chake ni cha sokoni, aletwe mtu wa kumfasiria, wala asiwe adui yake. Mtu asiyeelewa swali asihesabiwe kuwa amekosa jibu.

3. Tenganisheni lililoonekana na lililodhaniwa. Kutazama chini kumeonekana, hatia imedhaniwa. Kunyamaza kumeonekana, hila imedhaniwa. Mwenye kuzijua desturi za mtu yule aseme, hata kama hampendi. Hasa kama hampendi.

4. Kipimo kiwe kimoja. Mwamba ngozi huvutia kwake, na wajumbe nasi tu binadamu. Kabla ya kukata neno, jiulize: kama angalikuwa wa kijiji changu, mwenye shati kama langu, ningalitaka ushahidi gani? Taka ushahidi huo huo. Tena uangaliwe ukoo wote wa jambo: vitabu, risiti, karani na mkubwa, asiangaliwe mlinzi peke yake.

5. Kosa la kweli lisifunikwe. Aliyeiba ameiba, kikoi hakimtetei, wala suruali haimtetei. Mlevi hawezi kusema ulevi ni desturi za kwao. Tukiwakinga wakosaji kwa kisingizio cha kabila, siku atakapokuja asiye na kosa hakuna atakayetuamini.

Na neno moja kwa wote wasio wajumbe. Mambo haya huanza kwa kicheko. Kabla ya yule kijana kuitwa mwizi, aliitwa mchungaji wa mapipa, na sisi sote tulicheka. Jina la mzaha lilimtoa katika hesabu ya wenzetu, na siku ya shitaka hapakuwa na mwenzake hata mmoja pale. Matajiri hawakutugawa siku ile. Tulijigawa wenyewe bure, bila malipo ya saa za ziada.

Nilipoalikwa, katibu aliniuliza nitasema juu ya nini. Nilimwambia, juu ya lita 80 za dizeli. Akacheka. Sasa naona amenyamaza.

Wazee wa yule kijana, nawaamkia mbele ya watu wote. Akirudi, au akipiga simu, mwambieni karani amesema. Na mwambieni chama kina nafasi yake, avae kikoi, avae koti, avae vyote viwili.

Umoja ni nguvu.